Anza mwisho, urudi nyuma

Mi kazi yangu ni kutafsiri, na kilichonifundisha Kiingereza kuliko darasa lolote nililowahi kukaa ni ukurasa mmoja wa maelekezo ya pampu. Juu kabisa palikuwa pameandikwa "water pump pressure relief valve", maneno matano yamesimama foleni, hakuna "of" hata moja katikati, na mi nikayachukua vile yalivyokuja kuanzia kushoto, maji, pampu, presha, kupunguza, valvu, nikayaungaunga nikapata maji ya pampu ya presha ya kupunguza valvu. Kila neno nilikuwa nalijua. Hicho ndo kiliniuma, maana kama ni msamiati ndo umenishinda ningefungua kamusi yakaisha, ila hapa kamusi haina msaada, maneno yote unayo mkononi na bado hujui umeambiwa nini. Dada aliyekuwa anapitia kazi zangu akapiga mstari mwekundu, pembeni akaandika maneno mawili tu: anza mwisho.

Nikaanza mwisho. Valvu. Ya kufanya nini? Ya kupunguza. Kupunguza nini? Presha. Presha ya wapi? Ya kwenye pampu. Pampu ya nini? Ya maji. Valvu ya kupunguza presha ya pampu ya maji. Kiswahili kikajipanga chenyewe, sikuongeza kitu, niligeuza tu upande wa kuingilia.

Maneno kama hayo yanayoning'inia kwenye neno lingine ili kulieleza, kwenye sarufi yetu yanaitwa vikumushi, na nimeamua kuandika kuhusu vikumushi vya Kiingereza kwa sababu naona watu wanafundishwa kivumishi kivyake, kielezi kivyake, nomino kivyake, kila kimoja na sura yake kwenye kitabu, afu wakifika kwenye sentensi yenyewe wanakuta nomino inafanya kazi ya kivumishi, kielezi kimefanana na kivumishi kama mapacha, na wanachanganyikiwa wakidhani hawajui Kiingereza kumbe hawajaambiwa tu cha kuuliza. Mi nikikwama najiuliza swali moja: hili neno ni la nani? Jina lake la kisarufi nitalitafuta baadae.

Kwa sababu kwenye Kiswahili anayeelezwa anatangulia. Tunasema kiti kwanza, ndo tunaanza kukieleza, kikubwa, cha mbao, cha babu. Hata tukiweka nomino mbili bila kiungo, ya kwanza ndo yenyewe: mbwa mwitu ni mbwa, askari kanzu ni askari, garimoshi ni gari. Kwenye Kiingereza anayeelezwa anakaa mkiani. "School bus" ni basi. "Bus station" ni kituo. Ukigeuza umetengeneza kitu kingine kabisa, "horse race" ni mbio za farasi ila "racehorse" ni farasi wa mbio, "flower garden" ni bustani ya maua ila "garden flower" ni ua la bustani, "houseboat" ni boti ambayo watu wanaishi humo na "boathouse" ni banda la kuhifadhia boti. Maneno yaleyale, herufi zilezile, aliyesimama mwisho kabadilika basi.

Sasa hapo kwenye nomino juu ya nomino ndo mi napapenda zaidi, niruhusuni nikae kidogo. Chukua neno "oil". "Olive oil" ni mafuta yaliyokamuliwa kwenye zeituni. "Baby oil" jamani hayajakamuliwa kwa mtoto, ni ya kumpaka. "Engine oil" yanaingia ndani ya injini. "Hair oil" ya nywele. Mpangilio mmoja, mahusiano matatu au zaidi, yanatokana na nini, yanatumika kwa nani, yanakaa wapi, na lugha haijakuambia hata moja, imekuachia wewe ujazie kutokana na unavyoijua dunia. Watu wanalalamika kwamba Kiingereza hakieleweki, ila ukitulia utaona hata -a yetu ya uhusiano inafanya hivohivo, mafuta ya alizeti na mafuta ya nywele vimeunganishwa na "ya" ileile na hakuna mtu amewahi kudhani nywele zinakamuliwa. Tofauti ni kwamba sisi tunaweka gundi inayoonekana, wao wanabandika bila gundi. Kwa hiyo mtafsiri asiogope, mara nyingi hiyo -a inatosha, inabeba utata uleule kutoka upande mmoja kwenda mwingine bila kuumwaga njiani.

Kuna sehemu gundi inabadilisha maana lakini. "Teacup" ni kikombe cha aina fulani, kinaweza kuwa kabatini kikavu kimejaa vumbi. "A cup of tea" ni chai yenyewe, unakunywa. Kiswahili kikombe cha chai kinabeba zote mbili, kwa hiyo ukitoka Kiswahili kwenda Kiingereza lazima uamue, unataka chombo au unataka kilichomo? Nshaona barua mtu anaomba aletewe "two teacups" na alichokuwa anataka ni chai ya wageni wawili.

Afu kuna suala la wingi, hili linawatesa hata watu wenye digrii. Nomino ikishakuwa kikumushi kawaida inarudi kwenye umoja hata kama vitu ni vingi. Duka linauza viatu elfu lakini ni "shoe shop". Mswaki unasugua meno yote lakini ni "toothbrush". Matembezi ya dakika kumi ni "a ten-minute walk", msichana wa miaka mitano ni "a five-year-old girl", bila s, ila ukimtoa kule mbele ukamweka baada ya kitenzi s inarudi, "she is five years old". Ukiona mantiki yake hautasahau: vivumishi vya Kiingereza havina wingi, ni "good" kwa mmoja na "good" kwa elfu moja, sasa nomino ikiingia kwenye kiti cha kivumishi inafuata adabu ya kiti hicho, inaacha s yake nje. Ziko zinazogoma, "sports car", "savings account", "clothes shop", "customs officer", "arms race", na kati ya hizo kuna ambazo ukiondoa s umeondoa maana yenyewe, maana "custom" ni mila na "customs" ni forodha, "arm" ni mkono na "arms" ni silaha. Ukimwondolea s afisa forodha umemfanya afisa mila.

Utajuaje kama neno lililo mbele ni nomino iliyokopeshwa kazi au ni kivumishi cha kuzaliwa? Mi huwa najaribu "very". "A very old bus" sawa. "A very school bus" haikai, hata sikio linakataa. Au lipeleke baada ya "is": "the bus is old" ndio, "the bus is school" hapana. Nomino inaeleza aina ya kitu, sio kiwango chake, basi haliwezi kuwa la shule kidogo au la shule zaidi. Na ndo maana inang'ang'ania karibu kabisa na bwana wake, huwezi kuchomeka kivumishi katikati, unasema "an old school bus", ukisema "a school old bus" umeshavunja nyumba.

Hapo tumeingia kwenye vivumishi wenyewe. Mwanafunzi akianza anafurahi sana, kwa sababu sisi tunahangaika na kizuri, wazuri, mazuri, nzuri, mzuri, pazuri, na wao wana "good" moja inatembea kila mahali. Ni kweli ni rahisi kusema. Ila kusoma ndo bei inalipwa. Upatanisho wetu sio mapambo jamani, una kazi kubwa, unafunga kila sifa kwa mwenyewe ili isipotee. Angalia "small car factory". Kwa Kiswahili lazima useme kiwanda kidogo cha magari au kiwanda cha magari madogo, ile ki- na ile ma- zinakuonyesha kwa kidole ni nani mdogo. Kwa Kiingereza "small" imesimama tu pale mbele haina alama yoyote, inaweza kuwa ya gari, inaweza kuwa ya kiwanda. Mi kila nikisikia mtu anasema ngeli za Kiswahili ni mzigo usio na faida namwandikia hiyo mifano miwili, namwambia nitafsirie.

Wenyewe wana dawa moja ndogo, kistari. "Small-car factory", ukifunga maneno mawili kwa kistari umesema hayo yanatembea pamoja, kwa hiyo ni magari madogo. "I saw a man eating fish", nimeona mtu anakula samaki, mchana wa kawaida kabisa. "I saw a man-eating fish", nimeona samaki anayekula watu, kimbia. Kialama kidogo kuliko herufi kimebadilisha nani yuko mdomoni mwa nani. Watu wengi wanakiruka kwa haraka za kuchapa, mi nikikikuta kwenye maandishi ya kutafsiri nakishukuru, kimeniokolea nusu saa ya kubahatisha.

Mpangilio wa vivumishi vikiwa vingi sitakaa sana. Vitabu vinatoa orodha: maoni, ukubwa, umri, umbo, rangi, asili, malighafi, matumizi. "A lovely big old brown wooden table". Usiikariri kama wimbo. Kumbuka tu kwamba kitu ambacho hakiwezi kutenganishwa na meza, kama mbao yake, kinakaa karibu nayo, na kitu ambacho ni mawazo yako wewe, kama kuipenda, kinakaa mbali. Sisi tuko huru zaidi hapo, meza kubwa nyekundu, meza nyekundu kubwa, hakuna atakayekugombeza.

Na viko vivumishi vichache vinavyokaa nyuma kama vyetu. "Something sweet", "anyone clever", hivyo vinafuata baada ya maneno ya aina hiyo siku zote. Vingine vina historia, "attorney general", "court martial", hayo yana mpangilio wa Kifaransa kwa sababu Wanormani waliivamia Uingereza mwaka 1066 na Kifaransa kikakaa kwenye mambo ya sheria kwa karne nyingi, maneno ya mahakamani yakabaki na mkao wa kigeni mpaka leo. Ndo maana wingi wa zamani ni "attorneys general", s inamfuata mtu, haiifuati sifa. Na sisi tunasema mwanasheria mkuu, mkao uleule, ila wingi tunaugawa kwa wote, wanasheria wakuu. Nilipoliona hilo mara ya kwanza nilifurahi kama nimekutana na ndugu ugenini.

Haya, vielezi. Darasani tunaambiwa chukua kivumishi ongeza -ly, "slow" inakuwa "slowly", umemaliza. Kisha mtu anakutana na "friendly" anasema hiki ni kielezi, anaandika "he spoke friendly", anakosolewa, haelewi kwa nini. Sababu ni ya kale. Kwenye Kiingereza cha Kale kulikuwa na neno "lic", maana yake mwili, umbo, na likabandikwa mwisho wa maneno kutengeneza vivumishi, yaani kitu chenye umbo la rafiki, chenye umbo la upendo. Vielezi navyo vilikuwa na mwisho wao, "lice", unatofautiana kwa irabu moja tu. Miaka ikapita, miisho ikalika, ikasagika, yote miwili ikabaki -ly. Kwa hiyo "friendly", "lovely", "lonely" ni watoto wa ukoo wa kwanza, ni vivumishi, na "slowly" ni wa ukoo wa pili, wanafanana sura kwa sababu uzee umewafananisha. Ukitaka kusema mtu kaongea kirafiki unazunguka kidogo, "in a friendly way". Sisi tuna ki-, kirafiki, kitoto, kishujaa, unabandika mbele mambo yameisha, kitu kizuri sana hicho na hatukisifii vya kutosha.

Upande wa pili wako ambao hawataki -ly kabisa. "Fast" ni "fast" kotekote. "Hard" na "late" nao, na hawa ni wa kuangalia sana maana -ly ukiwawekea inawageuza watu wengine. "She works hard", anafanya kazi kwa bidii. "She hardly works", kazi hafanyi karibu hata kidogo. "He came late", alichelewa. "Lately" ni siku hizi za karibuni. Nimewahi kuletewa barua ya kuomba kazi niisome kabla haijatumwa, kijana ni mchapakazi namjua, na kwenye aya ya pili kaandika kwamba kwa miaka mitatu "I hardly worked". Nilimpigia simu palepale, sikungoja jioni.

Ila mahali ambapo kivumishi na kielezi vinagawana maana kwa namna ya kupendeza ni baada ya vitenzi vya hisia, na hapa Kiswahili kinakusaidia kuona kitu ambacho Mwingereza mwenyewe inabidi aelezwe. "The dog smells bad". "The dog smells badly". Sentensi ya kwanza, "bad" ni ya mbwa, ni sifa yake: mbwa ananuka. Ya pili, "badly" ni ya kitendo, ni jinsi anavyofanya kazi ya pua: mbwa hanusi vizuri. Kunuka na kunusa. Sisi tumetenganisha kwenye kitenzi chenyewe, wao wana kitenzi kimoja wanatenganisha kwa -ly. "She looked angry", alionekana ana hasira. "She looked angrily", alitazama kwa hasira. Kuonekana na kutazama, mambo yaleyale. Kwa hiyo ukiwa unaandika Kiingereza na unasita kati ya "bad" na "badly" au "happy" na "happily", jiulize kwa Kiswahili ungetumia kitenzi kipi. Ukipata ananuka, anaonekana, anasikika, weka kivumishi. Ukipata ananusa, anatazama, anasikiliza, weka kielezi. Sijawahi kuona mwanafunzi akishaipata hiyo anakosea tena.

Mahali pa kukiweka kielezi nako kuna wivu fulani. Sisi tunaweza kusema anaongea vizuri Kiingereza, hakuna tatizo. Wao kitenzi na yambwa, yaani kile kinachotendwa, ni mtu na mkewe, hutakiwi kukaa katikati yao, lazima iwe "she speaks English well". "Always" inakaa kabla ya kitenzi, "she always comes", lakini baada ya "is", "she is always late". Na "very" haibebi kitenzi kabisa, "I very like it" utaisikia kila siku na sio Kiingereza, inabidi useme "I like it very much". Kosa linaeleweka, sana yetu inabeba kila kitu, nzuri sana, haraka sana, napenda sana, sasa mtu anaona "very" ni sana anaipeleka kotekote.

"Only" nayo inanipa shida mpaka leo. Tu yetu inakaa mgongoni mwa neno lake, nilimpa kitabu tu, nilimpa yeye tu kitabu, ni mimi tu niliyempa. Hakuna ubishi. Wao kwenye mazungumzo wanaiweka kabla ya kitenzi, "I only gave her the book", halafu wanakuonyesha kwa sauti ni nini wanakikazia, kitabu au yeye au kule kutoa. Kwenye karatasi sauti haipo. Kwa hiyo nikikutana nayo kwenye mkataba nasimama, narudi juu, nasoma aya nzima, na kama bado haijakaa naandika swali kwa aliyenituma kazi.

Sauti inafanya kazi nyingine pia. Ukisema "English teacher" ukakaza "English", ni mwalimu wa somo la Kiingereza. Ukikaza "teacher", ni mwalimu ambaye ni Mwingereza. Kwenye la kwanza "English" ni nomino, jina la lugha, kwenye la pili ni kivumishi, utaifa wake. Maandishi hayaonyeshi.

Na juzi ndo nikaletewa kumbukumbu za mzee mmoja nizitafsiri, na kwenye ukurasa wa kwanza kaandika anamshukuru "my old English teacher". Nikaanza mwisho kama kawaida yangu. Mwalimu. Wa Kiingereza? Mwingereza? Mzee kwa umri? Au ni mwalimu wa Kiingereza cha Kale, maana nacho kinaitwa "Old English"? Mwandishi kaandika O ndogo, kwa hiyo hilo la mwisho nikaliweka pembeni, zikabaki zile nyingine, na Kiswahili kilikuwa kinanidai jibu, ni mwalimu mzee au ni mwalimu wa zamani, siwezi kuacha neno linaelea. Nikamwandikia. Akajibu siku ileile, akasema mwalimu hakuwa mzee hata kidogo, alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu siku aliyoingia darasani kwao, alimaanisha ni mwalimu wake wa Kiingereza wa enzi zile. Nikaandika: mwalimu wangu wa zamani wa Kiingereza.